Dawa "iliyopimwa maabara": je, baba aache aspirini?

SWALI: Daktari, baba yangu alipatwa na kiharusi mwaka jana na hospitalini wakamwandikia aspirini ndogo ya kila siku. Sasa kuna muuzaji anayezunguka na kipaza sauti kwenye masoko ya barabara ya Kibwezi hadi Kitui. Anasema unga wake wa mitishamba umepimwa maabara, na huzuia damu kuganda kuliko aspirini. Anaongeza kwamba hata hospitali hutumia dawa zilizotokana na sumu ya nyoka. Ni kweli? Baba anataka kuhamia kwenye unga huo.
— Msomaji, Mutomo

JIBU: Mzee asiache aspirini. Hilo kwanza.

La nyoka ni kweli. Moma, yule nyoka mnene anayejilalia njiani huko kwenu Kitui na jirani zenu Makueni, ana protini iitwayo bitistatini katika sumu yake. Mwaka 1989 watafiti walichapisha kwamba huzuia chembe sahani zisishikane. Hizi ni chembe ndogo za damu zinazokimbilia kuziba mshipa uliokatika; zikishikana ndani ya mshipa wa ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Sumu za nyoka wengine ndizo zilizowaonyesha wanasayansi njia ya kutengeneza eptifibatidi na tirofibani, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Lakini hizo hupitishwa kwenye mshipa, hospitalini, mgonjwa wa moyo akiangaliwa saa zote.

Na huko kupimwa maabara? Kipimo kinachojulikana zaidi alikibuni Gustav Born, Uingereza, mwaka 1962. Damu hutiwa kwenye chupa yenye sitreti isigande, kisha huzungushwa taratibu kwa mashine hadi chembe nyekundu zishuke chini. Juu hubaki maji ya manjano yenye ukungu, na ukungu wenyewe ndio chembe sahani. Maji hayo hutiwa kwenye kichupa chenye joto la mwili, mwanga ukapitishwa. Kikiongezwa kichocheo, chembe hushikana, ukungu hukatika na mwanga hupenya. Dawa ikifanya kazi, ukungu haukatiki.

Ni kipimo kizuri, nami nakiheshimu. Ila ndani ya kichupa hamna ini wala figo, wala kidonda cha tumbo ambacho mzee hajui anacho. Hata maji ya kitunguu saumu yanaweza kufaulu humo.

Kampuni kubwa ziliwahi kuunda vidonge vya kumeza vyenye kazi ile ile ya dawa za sumu ya nyoka, vikiwemo orbofibani na sibrafibani. Maabarani vilizuia chembe kushikana vizuri sana. Yakafuata majaribio manne makubwa yenye wagonjwa wa moyo zaidi ya 33,000. Uchambuzi wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba waliomeza vidonge hivyo walifariki kwa wingi kuliko wenzao. Vidonge vikaachwa. Hizo zilikuwa dawa zenye kipimo kinachojulikana hadi miligramu. Unga wa sokoni hujui hata kijiko kimoja kina nini.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha karatasi ya maabara, muulize watu wangapi walipewa unga huo, walifuatiliwa kwa muda gani, na wangapi walivuja damu. Muulize pia namba yake ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu.

Aspirini huzima kila chembe sahani kwa maisha yake yote, siku 7 hadi 10 hivi. Mzee akiiacha, mwili huleta chembe mpya zisizozuiwa, na hatari ya kiharusi kingine inarudi. Ikimchoma tumbo, aiseme kliniki. Zipo njia za kumlinda.

Ninaloliogopa zaidi ni kuchanganya. Kama ameshaanza kutumia unga juu ya aspirini, ausimamishe, na mpeleke pakiti yenyewe kliniki anakochukulia dawa. Mkiona choo cheusi kama lami, damu ya puani isiyokoma, au maumivu makali ya kichwa ya ghafla, msingoje siku ya kliniki. Mwahisheni hospitali saa hiyo hiyo.