Somo: Kupatanisha Nyuzi za Piano Nyumbani



Wapagazi waliopita Unyanyembe zamani walichukua kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi. Piano ya kawaida haipungui kilo 150. Mzigo wa namna hiyo ulipata njia nyepesi reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Lakini hali ya hewa ni ile ile. Wakati wa mvua ubao wa ndani hunyonya unyevu na kuvimba, sauti ikapanda. Kiangazi hukauka, sauti ikashuka. Basi mwenye piano hana budi kujifunza.

Vifaa: ufunguo wa kuzungushia vigingi, kabari ya mpira, na uma wa sauti.

1. Sauti nyingi zina nyuzi tatu. Ziba wa kushoto kwa kabari, ukabonyeze.

2. Sauti ikiyumbayumba, nyuzi mbili zilizobaki hazijapatana. Zungusha kigingi cha wa kulia kidogo sana. Kuyumba kukipungua unakaribia, kukikoma, acha.

3. Hamisha kabari kulia, ukafanye vivyo hivyo kushoto.

4. Sikio likizoea, ndipo ulinganishe uzi wa katikati wa “la” na uma wa mitetemo 440 kwa sekunde.

Onyo: piano iliyoshuka sana usiikaze kwa siku moja. Uzi mkuukuu ukikatika huweza kuumiza jicho, na kigingi kilichochezewa hulegea.

Zoezi: kwa mwezi mzima patanisha sauti moja kila jioni, bila kugusa uzi wa katikati. Sikio litangulie, mkono ufuate.