Kusafisha Santuri: Tambua Kwanza Ulicho Nacho

Kwa mtumiaji wa Rujewa aliyerithi santuri za NUTA Jazz au Morogoro Jazz, adui mkuu ni vumbi la kiangazi cha Usangu, likiongezewa na lile la mashine za kukoboa mpunga. Kabla hajanunua kifaa chochote, tunamshauri asome lebo. Santuri ya mizunguko 33 au 45 kwa dakika kwa kawaida ni ya plastiki. Ya mizunguko 78, nzito na yenye kuvunjika kama kigae, mara nyingi ni ya shelaki, yaani utomvu utokanao na wadudu. Spiriti huyeyusha shelaki, na sauti iliyofutika hairudi tena.

Vumbi kavu liondolewe kwa brashi laini, kwa kufuata mzunguko wa mifereji. Uchafu ulioganda ufutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi yasiyo na chumvi, yale yauzwayo kwa ajili ya betri za magari, na tone la sabuni ya vyombo. Hapa pana hatari: asidi ya betri nayo huuzwa katika maduka hayohayo. Chupa isiyo na maandishi ikataliwe. Lebo ya santuri isilowe.

Mashine za kuoshea ni ghali, na mwenye santuri ishirini hazihitaji. Fedha hizo, kwa maoni yetu, zinunue sindano mpya, kwani iliyochakaa huchimba hata santuri safi. Baada ya kuoshwa, santuri ikaushwe kivulini, ikiwa wima, jua huipinda.