Huruma Inayokwenda na Msimu

Kama unaishi Sanje, Mang'ula, Kiberege au Ifakara, unajua shida za jirani yako huja lini. Januari hadi Aprili mpunga wa mwaka jana unaisha ndani na mpya haujaiva. Masika ikikolea Bonde la Kilombero linajaa maji, malaria inapanda. Wakati wa mavuno watu wamehamia shambani, watoto wamebaki nyumbani. Shida ya aina hiyo huna sababu ya kuisubiri ikushtue. Ipangie, kama unavyopangia mbegu na palizi.

Soma tena habari ya Msamaria mwema, Luka sura ya 10, hasa mwisho wake ambao wengi tunaupita haraka. Alifunga majeraha, sawa. Kisha akampeleka mtu yule kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaacha maagizo na kuahidi kulipa litakalozidi. Alipanga. Nawe anza hapo.

Chagua nyumba mbili. Si kumi. Moja iwe ya mtu asiye na cha kukurudishia: bibi anayelea wajukuu, mgonjwa wa muda mrefu, kijana mwenye ulemavu. Ya pili iwe ya mtu ambaye hamjazoeana, awe wa dhehebu lingine, Mwislamu, au mgeni aliyehamia juzi. Muulize balozi au kiongozi wa jumuiya swali moja tu: "Hapa kwetu nani hatembelewi?" Ukiuliza nani maskini, utapewa orodha ndefu na utashindwa kuanza.

Usiogope kuipitisha kazi hii kwenye jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976 ili imani iishi pale watu wanapofahamiana kwa majina. Walutheri nao wana jumuiya zao. Kama yenu imebaki kusali rozari au kuimba na kuchangisha, ongeza dakika kumi kila wiki za kuulizana nani anaumwa na nani amekwama.

Siku ya kwanza nenda mikono mitupu. Toa shikamoo, kaa, uliza kinachomsumbua zaidi siku hizi, kisha nyamaza. Ungeweza kubeba kilo ya sukari kumbe yeye anataka mtu wa kumsomea kadi ya kliniki au kumrekebishia mlango. Usianze na mahubiri. Ukitaka kumwombea, mwombe ruhusa mwishoni, na maombi yawe mafupi.

Sasa tuje kwenye mpunga, maana humu bondeni ndimo huruma inapopimwa.

Ukishavuna, kabla hujauza hata kilo moja, tenga debe moja kwa kila nyumba uliyochagua. Liweke pembeni, liandike. Ukisubiri uone kitakachobaki, hakitabaki kitu. Debe hilo lipeleke Februari au Machi. Juni kila mtu anacho.

Kuna shida kubwa kuliko ya chakula. Mwanzo wa mwaka jirani anakwama: sare za shule, dawa, nauli. Mnunuzi anatokea na fedha mkononi, anaununua mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa. Jirani asipompata mnunuzi huyo, anakimbilia mkopo wa kausha damu. Familia inalima, inapalilia, inaamia ndege, halafu mavuno yanakwenda kwa mtu mwingine. Mwaka unaofuata wanaanza wakiwa na deni. Sadaka ya sarafu haiwezi kulivunja jambo hili. Watu watano au sita wenye nia wanaweza.

Fanyeni hivi. Wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kila mmoja achange gunia moja. Yakae kwenye ghala kavu la mmoja wenu. Funguo ashike mwingine, daftari ashike wa tatu. Mwenye shida anakopa gunia, akivuna anarudisha gunia. Riba hakuna, Torati inakataza kumtoza maskini riba, na hapo hapahitaji mjadala. Andikeni kwa kilo, maana magunia hayalingani. Mafuriko yakimlia shamba, kaeni naye, sogezeni deni msimu mmoja mbele. Na kopesheni pia asiyesali kwenu.

Kama wewe ndiye mnunuzi, acha lumbesa. Najua utaambiwa kila mtu ananunua hivyo. Gunia lililoshindiliwa na kufungwa kilemba ni mpunga wa mtu umeuchukua bure, na sheria ya vipimo inaupinga ujazo huo. Nunua kwa mizani, mwenye mpunga akiwa amesimama hapo na anasoma mwenyewe. Ukifanya hivyo msimu mzima, watu watajua unaamini nini bila wewe kuwaambia.

Kibarua wako mlipe siku hiyo hiyo, awe wa palizi au wa kukata miwa. Kama fedha hujaipata, mwambie asubuhi kabla hajashika jembe, ili achague mwenyewe. Jioni huwa amechelewa.

Kuna kazi nyingine ya msimu ambayo haigharimu fedha. Familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani kwa wiki kadhaa, na nyumbani anabaki dada wa miaka kumi na miwili na wadogo zake. Wewe usiyehama, pita jioni. Angalia mambo matatu: wamekula, kuna mwenye homa, chandarua kimeshushwa na kuchomekwa chini ya godoro. Watafiti wamekuwa Ifakara tangu 1957 wakichunguza magonjwa ya bondeni, na mbu wetu wanajulikana duniani kote. Mtoto mwenye homa usimngojee mama yake arudi. Mpeleke zahanati akapimwe siku hiyo hiyo, kisha ndipo umpigie simu. Kabla mama hajaondoka, mwombe idhini hiyo na ujue kadi ya mtoto ilipo.

Mgonjwa akilazwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, wengi hufika kitandani na juisi. Mwangalie na yule anayemuuguza. Yeye analala chini, anafua, anakimbizana na vipimo, na mara nyingi hajala. Mpelekee chakula cha moto, sabuni na nauli ya kurudia. Mpe nafasi akaoge, wewe ukae na mgonjwa saa mbili. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara siku hizi ni lami, kwenda na kurudi ni jambo la siku moja. Pangeni zamu ili msifike wote Jumapili.

Kwa mzee, fuatilia haki yake. Sera inasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Wengi hawana kitambulisho kwa sababu hakuna wa kuwasindikiza. Nenda naye kwa mtendaji wa kijiji, uliza kinachohitajika, rudi tena mkiambiwa mrudi. Nusu siku yako inaweza kumfaa miaka iliyobaki.

Kuhusu kifafa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa imani yetu imewahi kuumiza watu.

Ng'ambo ya mto Kilombero, huko Mahenge, kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi. Watafiti wanakihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwei, alifika huko karibu na mwaka 1960. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, ndugu wakiogopa kwamba mate yao yanaambukiza. Alianzisha kliniki, akawapa vidonge, na wengi wakapata nafuu. Hofu ile haijaisha. Hata leo kuna mgonjwa anayeombewa pepo litoke huku akiambiwa aache dawa.

Wewe fanya tofauti. Mtu akianguka, usikimbie. Ondoa mawe, jiko na chochote kinachoweza kumuumiza. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni. Kifafa hakiambukizi, na mate hayo unaweza kuyafuta kwa kitambaa bila woga. Tazama saa: degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Akiamka, asikute umati. Mfunike, mwambie uko hapo.

Baada ya hapo kazi yako ni vidonge. Dawa ya kifafa humezwa kila siku, hata mwezi ambao hajaanguka. Mkumbushe tarehe ya kliniki. Kama ni maombi, ombeni naye akiwa ameshameza dawa. Kisha mkaribishe kwako, mle naye sahani moja mbele ya watoto wako. Watoto hujifunza kwa kuona nani anakaa mkekani. Ukimruhusu alime nawe, asikae karibu na moto wala maji akiwa peke yake.

Kuni. Tangu 2011 Hifadhi ya Milima ya Udzungwa imefunga uokotaji wa kuni, na waliobanwa zaidi ni wajane wasio na shamba lenye miti. Usimwambie bibi ajipenyeze porini. Akikamatwa ni yeye atakayelipa. Chukua vijana wa kwaya Jumamosi moja kwa mwezi, wakate matawi kwenye mashamba yenu wenyewe, wamshushie mzigo mlangoni. Mvua zikianza, mpandieni miche michache nyuma ya nyumba.

Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wako, najua moyo unavyochemka. Bonde hili limeshaumia kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji, na operesheni ya 2012 ya kuondoa mifugo iliacha majeraha kwa wengi. Acha panga nyumbani. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na mwenye ng'ombe, mpime hasara pamoja, iandikwe, alipe. Kusamehe hakukuzuii kudai fidia halali. Kunakuzuia kumtukana kabila lake, kumpiga mtoto anayechunga, na kumkata ng'ombe miguu. Na usisubiri ugomvi ndipo mfahamiane. Nenda ukamsalimie kiangazi, mambo yakiwa shwari.

Msibani sote tunajitahidi: rambirambi, maji, kuni, kukesha. Tatizo ni wiki ya tatu, turubai limeondoka na sufuria zimerudishwa. Andika tarehe kwenye simu yako, wiki tatu baada ya mazishi, na nyingine miezi mitatu. Siku hiyo nenda, mtaje marehemu kwa jina, sikiliza. Mjane muulize kama kuna mtu anamsumbua kuhusu shamba au nyumba. Kama yupo, msindikize kwa mtendaji, na ikibidi baraza la kata. Usimwache aende peke yake kukabiliana na shemeji zake.

Usipige picha unapotoa. Usiweke kwenye grupu la WhatsApp la kwaya. Kama mnahitaji kuwathibitishia waliochanga, daftari lenye kiasi na sahihi linatosha.

Utachoka, na kuna mwezi hutakuwa na kitu. Sema wazi: "Mwezi huu sina, lakini nimekuja." Usiahidi usichoweza, kwa maana mtu mwenye shida hupanga maisha yake juu ya ahadi yako.

Na zamu yako ya kuhamia shambani ikifika, zikabidhi nyumba zako mbili kwa mtu mmoja. Msiagane kwa simu. Nendeni pamoja, mtambulishe, mwonyeshe dawa ya mgonjwa ilipo na saa anayomeza, mwachie namba ya mtendaji na ya bodaboda anayepokea simu usiku.