Kabla ya Kubandika Vigae Juu ya Plaiwudi

Ndugu zetu wanaonunua nyumba Marekani na Kanada hukuta chini hakuna zege, bali plaiwudi iliyofungwa juu ya maboriti. Vigae hukaa hapo miaka mingi, mradi sakafu iandaliwe.

Kwa nini vigae hupasuka?

Fundi hulaumu gundi, lakini mara nyingi kosa ni sakafu kunepa. Kigae hakinepi, ubao unapobonyea kila mtu akipita, grauti huchanika kwanza, kisha kigae huachia. Kanuni ya huko ni kwamba boriti ikilemewa isishuke zaidi ya urefu wake uliogawanywa kwa 360. Boriti ya mita 3.6, basi, isizidi milimita 10. Kwa mawe ya asili kama marumaru, gawanya kwa 720. Sakafu ikinepa, imarisha maboriti kwanza. Bodi ya saruji inayowekwa chini ya vigae haitaisaidia, hata muuza duka akikuambia vingine.

Plaiwudi iliyopo inatosha?

Maboriti yakiachana sentimita 40, unene wa milimita 19 ni salama. Ng'oa vipande vilivyooza, hasa kuzunguka choo. Panapolia, kaza kwa skrubu za mbao mpaka kwenye boriti. Skrubu za bodi za jasi hukatika vichwa.

Nibandike moja kwa moja?

Usifanye hivyo. Plaiwudi hunywa unyevu ikavimba, ikikauka husinyaa, na kigae hakiifuati. Weka bodi ya saruji katikati. Itandike juu ya gundi ya saruji ikiwa bado mbichi, iliyopakwa kwa mwiko wa meno. Hatua hii wengi huiruka, na uwazi unaobaki chini ya bodi ndio unaoanza kucheza. Funga skrubu kila sentimita 20, viungo vya bodi visiangukie juu ya viungo vya plaiwudi, kisha viungo vya bodi uvizibe kwa utepe wa wavu na gundi ileile. Ukutani acha milimita 6, uzibe kwa silikoni, si grauti.

Na usawa?

Laza rula ya mita 3: mwanya usizidi milimita 6, au 3 kwa vigae vyenye upande wa sentimita 38 na zaidi.

Nikikuta sakafu ya plastiki ya zamani?

Katika nyumba za kabla ya miaka ya 1980, plastiki hiyo na gundi yake nyeusi huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Usipige msasa wala kukwangua. Mwite mtaalamu achukue sampuli ipimwe maabara kabla hujagusa chochote.