Pasola: Mchezo wa Farasi Unaosubiri Minyoo

Muhula huu tumepewa kazi ya semina yenye swali fupi: chagua mchezo mmoja wa jadi, kisha eleza nini kingepotea kama ungechezwa kwa ratiba ya kawaida, kama ligi. Wenzangu wengi walikimbilia bao na mieleka. Mimi nikachukua Pasola, mchezo wa farasi wa kisiwa cha Sumba, Indonesia. Tangu siku hiyo hosteli nzima inaniita Rato. Maana ya jina hilo itakuja yenyewe.

Mchezo uko hivi. Kila mwaka, Februari huko Kodi na Lamboya, Machi huko Wanukaka na Gaura, wapanda farasi wa pande mbili hukutana kwenye uwanda wa nyasi, magharibi mwa kisiwa. Farasi wao ni wadogo, wamepambwa kwa utepe wa rangi na njuga, na wengi hawana tandiko. Mtu anakuja mbio, mkono mmoja umeshika hatamu, mwingine unamrushia mkuki wa mti mpinzani anayekuja mbio vilevile kutoka upande wa pili. Mkuki huo huitwa hola au sola, na ndio uliozaa jina la mchezo. Zamani ulikuwa na ncha kali, serikali ikaagiza uwe butu. Lakini jamani, mti butu uliorushwa kutoka juu ya farasi anayekimbia bado unatoboa jicho, na watu wamewahi kufa. Kombe hakuna. Pointi hakuna. Jioni watu wanarudi makwao bila bingwa.

Sasa wanagombea nini? Mpunga. Kwa wafuasi wa Marapu, dini ya mababu ya Sumba, damu ya mtu au ya farasi ikidondoka uwanjani inairutubisha ardhi, na mavuno yanakuwa mema. Kwa hiyo aliyeumizwa haruhusiwi kulipiza kisasi nje ya uwanja. Na aliyekufa huhesabiwa kuwa alivunja mwiko, mizimu ikamwadhibu. Kanuni ya kwanza naielewa, inazuia vita vya koo. Ya pili inanipa shida: familia inabeba msiba na lawama kwa pamoja. Tukisema tunaheshimu mila za watu, na hili tulitaje.

Lakini farasi hawaingii uwanjani mpaka bahari iseme, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Mara moja kwa mwaka, siku chache baada ya mwezi mpevu, minyoo ya baharini inayoitwa nyale hujaa ufukweni alfajiri. Walimu wa baiolojia watalifurahia hili: mnyoo wenyewe unabaki chini kwenye miamba, na kinachoelea juu ni kipande cha nyuma cha mwili, kimejaa mayai au mbegu za kiume, kimekatika na kuogelea kwenda kuzaliana. Makuhani wa mila, marato, hutangulia kwenda pwani kuitazama. Ikiwa mingi, minene, yenye rangi nzuri, mwaka utakuwa wa neema. Ikiwa michache au inakatikakatika, njaa inanukia. Baada ya hapo watu wanaizoa na kwenda kuila, na Pasola inaanza.

Mimi nilidhani huu ni ubashiri tu, mpaka nilipokutana na kazi ya mwanaanthropolojia Janet Hoskins kuhusu kalenda ya Kodi, kitabu cha mwaka 1993. Fikiria Ramadhani: kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa sababu miezi 12 ya mwezi mwandamo ni siku 354 hivi. Kwa ibada hakuna tatizo. Ila mkulima akihesabu miandamo peke yake, baada ya miaka michache mwezi wake wa kupanda utaangukia kiangazi. Lazima kuwe na kitu cha kuirudisha hesabu kwenye majira. Kodi, kitu hicho ni mnyoo. Rato anahesabu miandamo, bahari inasahihisha. Mzee ambaye hakuingia darasani ana njia ya kuipima hesabu yake kila mwaka, na kijiji kizima kinashuhudia kama kapatia.

Wanukaka wana hadithi yao ya chanzo. Umbu Dulla alisafiri baharini, akadhaniwa amekufa. Mkewe, Rabu Kaba, akampenda Teda Gaiparona wa Kodi. Mume aliporudi mzima, mama akakataa kurudi. Teda akalipa mahari, na Pasola ikaanzishwa ili waliobaki wasahau uchungu. Hadithi tamu, ila hainielezi minyoo.

Kwa miaka mingi serikali iliwaona wafuasi wa Marapu kama watu wasio na dini kamili. Kwenye kitambulisho waliacha nafasi ya dini wazi, au waliandika dini nyingine ili mambo yao yaende. Tarehe 7 Novemba 2017 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba imani za asili nazo ziandikwe. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mfuasi wa Marapu kutoka Sumba. Hilo limepatikana. Shinikizo lililobaki ni la utalii. Mgeni anayekata tiketi ya ndege anataka tarehe miezi kadhaa kabla, na wenye hoteli nao vilevile. Mwenzangu mmoja wa semina aliona jibu ni rahisi: Jumamosi ya kwanza ya Machi, basi. Hapo farasi watakuwepo, mikuki itakuwepo, picha zitapendeza. Ila rato atakuwa ameambiwa tarehe na ofisi, na hesabu yake haitamhusu tena mtu yeyote.

Kwa wanaokwenda mazoezi ya kufundisha, zoezi langu ni hili. Wape wanafunzi kalenda yenye miandamo ya miaka mitatu. Watafute mwezi mpevu wa Februari na wa Machi, wahesabu siku saba mbele, waandike tarehe zote sita. Kisha waulize mwaka upi wangesubiri Machi, na wangeangalia nini ili wawe na uhakika.