Mtoto Mchanga na Siku Arobaini

Mtoto akizaliwa salama, nyumba nzima hushangilia, na wengi hudhani ya kuwa hatari imekwisha pita. Sivyo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Juma la kwanza ndilo la hatari kuliko yote.

Tuchukue mfano wa Mingoyo, penye njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi. Huko pwani, kama mahali pengi, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Desturi hii ina wema wake: mama hupumzika, na mtoto hukingwa na baridi. Lakini mlango unaofungwa ili kumlinda mtoto usimzuie muuguzi. Shirika la Afya Duniani lashauri mama na mtoto waangaliwe siku ya kwanza, siku ya tatu, juma la pili, na tena juma la sita. Mara tatu katika hizo huangukia ndani ya arobaini.

Mwaka 2010 Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianzisha katika wilaya sita za Lindi na Mtwara kazi iliyoitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Watu wa kujitolea zaidi ya 800 walizuru nyumba za waja wazito na wazazi, wakifundisha usafi na unyonyeshaji. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa akina mama wengi zaidi waliwapa watoto maziwa yao matupu siku za kwanza. Hata hivyo vifo havikupungua kwa kadiri ya kuonekana. Hapa pana fundisho: shauri jema la nyumbani ni la lazima, lakini halitoshi bila dawa, mikono yenye ujuzi, na njia ya kuifikia.

Basi kila baba Mkristo azijue dalili hizi: mtoto kukataa ziwa, kupumua mbiombio, kubonyea kifua, kushikwa na degedege, kuwa na joto kali au baridi isiyo ya kawaida, kulegea, au kugeuka manjano viganja na nyayo. Akiona mojawapo, asingoje kesho wala ruhusa ya wazee. Aiweke nauli mapema, tangu mimba ingali changa, ili safari ya kwenda zahanati, au hospitali ya Sokoine mjini Lindi, isikwame usiku.

Kanisa latuamuru kumbatiza bila kukawia mtoto aliye katika hatari ya kufa, na kwa lazima hiyo mtu yeyote mwenye nia iliyo sawa aweza kumbatiza. Lakini ubatizo haumwondolei mzazi wajibu wa kumpeleka kwa mganga. Mungu aliyempa mtoto roho ndiye aliyempa mwili, na vyote viwili ametukabidhi sisi tuvitunze.