JIBINI YA NDIMU KATIKA JIKO LA NYUMBANI

Katika nyanda za juu za Kenya, mvua zinaponyesha vema na majani kuota kwa wingi, ng'ombe hutoa maziwa kupita mahitaji ya nyumba. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa na gari la chama cha ushirika, lakini mahali pengi yale ya jioni hubaki. Watoto hunywa, chai huungwa, mtindi hugandishwa, na bado ndoo haijaisha. Kulipokucha, yaliyobaki hupewa mbwa.

Maziwa hayo yaweza kugeuzwa kuwa jibini. Watu wengi hudhani kwamba jibini ni chakula cha dukani tu, tena cha bei kubwa, kitengenezwacho kwa mitambo. Lakini iko aina moja isiyohitaji kitu ila maziwa, ndimu, chumvi kidogo na kitambaa safi cha pamba. Wahindi huiita paneer, na katika miji ya Kenya jamaa nyingi za Kihindi huipika majumbani mwao. Atakaye kujaribu na aanze na lita mbili, asizidishe. Maziwa ni chakula cha watoto, wala si haki mchezo wa jikoni uwapunje.

Inafaa kwanza kujua sababu ya maziwa kugandika. Ndani yake mna protini, na yapata sehemu nne katika tano za protini hiyo ni ile iitwayo kaseini. Huelea kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, kila moja ikiisukuma mwenzake. Ukali wa ndimu huiondoa nguvu hiyo ya kusukumana. Chembe hushikana, zikakamata na mafuta ya maziwa pamoja nazo.

Maziwa hutiwa katika sufuria safi juu ya moto wa wastani, yakakorogwa kwa mwiko mpaka chini yasije yakaungua, maana jibini ikishapata harufu ya moshi haina dawa. Huachwa mpaka yachemke na kupanda. Kuchemka huko huua pia vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya brusela, ambavyo ng'ombe mgonjwa aweza kuvipitisha katika maziwa yake. Kisha sufuria huepuliwa ikatulia dakika moja au mbili.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Maji ya ndimu tatu au nne, yaliyokwisha kuchujwa mbegu, hutiwa kijiko kimoja kimoja, na baada ya kila kijiko maziwa hukorogwa taratibu, kama kwamba pana mtoto aliyelala karibu. Mwanzoni hakuna kinachoonekana, na mpishi mgeni huanza kutia shaka. Halafu maziwa hukatika ghafula: mabonge meupe hujitenga, na maji yanayobaki huwa na rangi ya kijani hafifu yenye umanjano. Maji yakitakata hivyo, mkono na ukome. Wengi hukosea hapa kwa kumimina ndimu yote iliyobaki, wakidhani wataongeza jibini. Hawaongezi kitu ila uchungu na ugumu. Ikiwa maji yangali meupe kama tui, kijiko kingine chahitajiwa.

Baada ya dakika kumi mabonge huchujwa kwa kitambaa, yakasuuzwa kwa maji baridi yaliyochemshwa ili ukali upungue, yakachanganywa na chumvi. Kitambaa hufungwa na kutundikwa nusu saa, kisha huwekwa baina ya sahani mbili na jiwe safi juu yake kwa muda wa saa moja au mbili.

Maziwa yote hayafai sawasawa. Ya mbuzi hutoa jibini laini zaidi. Yaliyotiwa maji hutoa jibini haba, hata wako wauzaji wasiopenda kusikia kwamba mteja wao amejifunza kazi hii. Maziwa yaliyoharibika yenyewe yasitumiwe, wala yale ya ng'ombe aliyedungwa sindano kabla siku alizoagiza daktari wa mifugo hazijaisha.

Jibini hii haiyeyuki motoni kama nyingine. Hukatwa vipande, ikakaangwa kwa samli mpaka iwe na rangi ya dhahabu, ikatiwa katika mchuzi wa nyanya na vitunguu au kuchanganywa na sukuma wiki. Pasipo jokofu yafaa iliwe siku ile ile. Penye jokofu hukaa siku tatu.

Nayo maji yaliyochujwa yasimwagwe. Yana sukari ya maziwa na protini kidogo, na uchachu wake si mwingi. Unga wa chapati ukikandwa kwayo, chapati huwa laini, na watoto hawatambui kilichotiwa.